Mshubiri wangu hauna unene kwenye karatasi: kivuli kinaanzia wapi?

BintiLangoni (Lamu)

Assalamu alaykum jamaa. Kazi yangu ni kupaka hina na piko, niko Langoni, na msimu wa harusi sipati hata nafasi ya kunywa chai. Maua, mitawi na majani mkono wangu unayajua hata stima ikipotea. Sasa bibi yangu ana mimea yake uani: mshubiri kwenye kopo la rangi, mrehani, mwarobaini mkubwa unaofunika nusu ya ua, mpapai, na mgomba mmoja karibu na karo. Watu huja kumuomba majani, naye kila mtu humweleza upya toka mwanzo. Nimeamua kumtengenezea daftari, mmea mmoja kwa ukurasa, na maneno yake niyaandike chini. Mimea haina roho, kwa hivyo hata mjomba wangu, ambaye hupinga kila picha, safari hii amenyamaza.

Tatizo ni hili. Umbo la nje la mshubiri linatoka vizuri. Miiba ipo, majani yamepangika yalivyo, hata ile ncha iliyokauka ipo. Ila mwili hauna. Ukiutazama utasema umekatwa kwa mkasi ukabandikwa. Nikapaka penseli upande mmoja wa kila jani, likawa jani lililochafuka. Halafu lile kopo, ingawa nimelichorea kivuli chini, linaelea. Bibi mwenyewe aliuliza limening'inizwa na nini.

Huwa nachora barazani baada ya adhuhuri, nikishapumua na kazi za nyumbani. Mmea uko juu ya mkeka mbele yangu, mgongo wa mmea kuna ukuta wa chokaa. Penseli ni HB, ile ya wanafunzi. Nataka kujua kivuli kinaanzia wapi na kinakoma wapi, na kopo nilishushe vipi likae chini.

Kijana_wa_Shela

Dada, unajitesa. Piga picha kwa simu, igeuze nyeusi na nyeupe, nakili. Mimi huchora majahazi hivyo hivyo na wageni wananunua. Na tafuta penseli laini, 2B na 6B. HB utaibana mpaka karatasi itoboke na kiza hutakipata.

FundiMfaa (Lamu)

Wa alaykum salaam mwanangu. Mimi si mtu wa karatasi, ni fundi wa nakshi za milango, lakini swali lako liko ndani ya kazi yangu kabisa. Ua la mlangoni halina rangi. Ubao ni mmoja, rangi ni moja, na kina chake mara nyingi hakifiki upana wa kidole. Kinachokwambia kwamba jani hili limepita juu ya kikonyo kile ni kivuli, basi. Nikitaka kukagua kazi ya kijana ninayemfundisha, nazima taa, naweka tochi ubavuni mwa mfaa, ule mti wa katikati ya mlango, mwanga uparuze ubao. Pale ambapo patasi haikushuka vya kutosha, ua linapotea. Nikiuelekeza mwanga huo huo usoni mwa mlango, kazi mbovu na kazi nzuri zinafanana.

Sasa tazama wewe unachora saa ngapi. Lamu iko nyuzi 2 na kidogo tu kusini ya ikweta. Katikati ya Machi na tena mwishoni mwa Septemba jua la mchana linapita utosini kabisa, ukisimamisha fimbo haina kivuli. Hata Juni, jua linapokuwa limekwenda kaskazini mwisho wake, kivuli cha fimbo wakati huo wa mchana hakifiki nusu ya urefu wa fimbo. Ukitoka swala ya adhuhuri ukakaa kuchora, mwanga unapiga majani yote kwa juu, sawasawa, na chini yote ni kiza kimoja. Juu ya hayo ukuta wa chokaa nyuma unarudisha mwanga wake, na sakafu inarudisha wake. Mmea wako una mianga mitatu inayogombana. Huwezi kujua upande wa kiza ni upi kwa sababu haupo. Penseli usiilaumu.

Utoe hapo. Uingize chumbani, funga madirisha, ubakize moja. Ukae hivi kwamba mwanga unatoka juu kushoto, kama unatumia mkono wa kulia, ili mkono wako usijitilie kivuli. Kabla ya kugusa penseli, finya macho mpaka vitu vidogo vipotee, miiba isionekane. Yatabaki madoa mawili, la mwanga na la kiza. Doa la kiza ndilo unalolichora kwanza, lote kwa pamoja, hata kama linavuka kutoka jani moja hadi jingine. Nyinyi wapaka hina mna tabia ya kumaliza jani moja ndipo muende la pili. Hapa usifanye hivyo.

Na huo mstari wenu. Mstari wa hina una sifa yake, unene mmoja toka mwanzo hadi mwisho bila kukatika, na juu ya kiganja unapendeza kwa kuwa mkono tayari una umbo lake. Karatasi haina. Ukilizungushia jani mstari wa unene mmoja pande zote, umeliambia jicho kwamba kingo zote ziko umbali mmoja, na jicho linakusadiki. Upande unaotazama dirisha mstari uwe hafifu, mahali pengine uukate kabisa, karatasi yenyewe ifanye kazi. Upande wa pili usiwe na mstari, kiza ndicho kiwe mwisho wa jani.

Tuje kwenye mshubiri wenyewe, maana una mtego. Jani lake kwa juu limebonyea, ni mfereji. Kwa chini limevimba. Mwanga ukitoka kushoto, ule mgongo uliovimba unapata mwanga kushoto na kiza kulia, hilo kila mtu analijua. Lakini ndani ya mfereji ni kinyume: ukuta wa kushoto ndio wenye kiza, kwa sababu umelipa dirisha mgongo, na ukuta wa kulia ndio unaopokea mwanga. Wewe umepaka kila jani upande ule ule mmoja. Mfereji ukapakwa sawa na mgongo, vikafutana. Hapo ndipo unene ulipokwenda.

Jambo jingine kwenye ule mgongo: weusi wa mwisho hauko ukingoni. Uko ndani kidogo ya ukingo. Ukingo wenyewe unachukua mwanga unaorudi kutoka kwenye mkeka, kwa hivyo una wepesi fulani, si mweupe, ni kiza kilichopungua. Ukiuacha huo utepe mwembamba, jani linazunguka. Ukipaka mpaka ukingoni, linasimama bapa. Ila usiupambe, watu wakishaugundua huo mwanga wa kurudi huupaka mpaka unashinda mwanga wa dirisha, mmea ukawa wa bati.

Miiba ifanye mwisho. Kila mwiba ni koni ndogo, una upande wake wa kiza na kivuli chake kidogo kinacholala juu ya jani na kufuata mbonyeo wake. Hiyo miwili mitatu iliyo karibu nawe ichore hivyo, mingine iguse tu na uiache.

Kopo linaelea kwa sababu kivuli chake umekipaka weusi mmoja toka mwanzo hadi mwisho. Pale bati linapogusa mkeka tia mstari mwembamba, mweusi kuliko kitu chochote kwenye ukurasa huo. Kisha kivuli kiende kikipauka. Litakaa.

MwalimuSanaaMalindi

Fundi, nimesoma hapa nikasema laiti wanafunzi wangu wa kidato cha pili wangekupata kwa wiki moja.

Niongeze sababu ya hilo la mwisho, kwa kuwa mtu akijua sababu hahitaji kukariri. Jua si nukta. Ni duara, na kutoka hapa tulipo upana wake ni kama nusu ya nyuzi moja. Kwa hivyo ukingo wa kivuli hauwezi kuwa mkali isipokuwa pale kitu kinapogusana na kinapoangukia kivuli chake. Jani lililo mita moja kutoka ukutani, ukingo wa kivuli chake unakuwa na ukungu wa karibu sentimita moja. Lililo sentimita kumi, ukungu ni milimita moja hivi. Dirisha ni pana kuliko jua, ndiyo maana vivuli vya chumbani ni laini zaidi. BintiLangoni, ukitaka ushahidi simama chini ya mwarobaini wa bibi: vile vidoa vya mwanga mchangani ni vya mviringo, ingawa matundu kati ya majani hayana umbo hilo. Kila kidoa ni sura ya jua. Ibn al-Haytham wa Basra aliishughulikia habari hii ya mwanga unaopita kwenye tundu miaka 1000 iliyopita, akitumia jua lililopatwa.

Kijana wa Shela, mimi siikatai simu, ila kunakili picha ya mshubiri hakutamsaidia. Kamera ya simu ikiona mwanga mkali na kiza pamoja, mara nyingi moja huliacha. Ama kiza kinakuwa shimo jeusi, ama upande wa mwanga unaungua. Ule mwanga wa kurudi anaousema Fundi ndio wa kwanza kupotea. Itumie picha ya nyeusi na nyeupe kwa jambo moja: weka kando ya mchoro uliokwisha, ulinganishe kama kiza chako kimefika.

Sasa nina ugomvi mdogo na Fundi. Hili ni daftari la kutambulia mimea. Wachoraji wa mimea wa kisayansi kwa kawaida huuacha mmea peke yake kwenye karatasi tupu, hawachori chungu wala kivuli cha chini. Joy Adamson, kabla ulimwengu haujamjua kwa Elsa, simba aliyemlea, alikuwa akichora maua ya Kenya kwa rangi za maji, na michoro yake mingi imo katika hifadhi ya Makumbusho ya Taifa. Michoro ya aina hiyo hupata unene kwa kiza kilicho juu ya mmea wenyewe, na vivuli vya jani juu ya jani. Hata desturi ya mwanga wa juu kushoto ni yao. Kwa hiyo dada, kopo liondoe. Kivuli cha mkekani hakimwambii mtu lolote kuhusu mshubiri.

Na kabla ya kurudi kwenye mmea, chora yai moja jeupe juu ya karatasi nyeupe dirishani hapo. Halafu chupa. Halafu ukanda wa karatasi uliousokota kidogo, maana jani refu ni ukanda unaojipindua. Ukiweza hivyo vitatu, uani kwenu hakuna usichoweza.

FundiMfaa (Lamu)

Mwalimu, la kopo nakubali nusu. Kitabu cha sayansi ni sawa. Lakini huyu anamchorea bibi yake, na bibi mshubiri wake anaujua kwa kopo lake. Liondoe kwenye kurasa nyingine, hilo moja libaki.

BintiLangoni (Lamu)

Sabalkheri Fundi, sabalkheri Mwalimu, Mungu awazidishie. Yai nimechora mpaka nyumbani wameanza kuniuliza linapikwa lini. Hilo la mfereji limenishika sana: nilipogeuza kiza cha ndani kikawa kinyume na cha nje, jani likafumbuka pale pale, na sikuongeza hata mstari. Mtindo wa kukata mstari upande wa mwanga bado mkono unaukataa, unataka kurudi kufunga.

Kopo litabaki, Mwalimu utanisamehe. Nimempa bibi achague.

Nina mawili mengine. Moja, nilijaribu asubuhi, jua linaingia dirishani, nikapenda sana vile vivuli vikali. Nilipofika jani la tatu vivuli vyote vimehama, na vile nilivyokwisha kuchora havipatani na vipya. La pili ni mgomba. Nilikaa chini yake nikatazama juu, na ule upande wa chini, ambao kwa hesabu ya Fundi ni wa kiza, unawaka kuliko upande wa juu. Hapo nikafunga daftari.

Kijana_wa_Shela

Mgomba uache tu. Majani yake yamechanika kila upande, nani atahesabu zile tamvua.

FundiMfaa (Lamu)

Hizo tamvua ndizo zitakazomwokoa, kijana.

Mwanangu, mshubiri una nyama, mwanga hauvuki. Jani la mgomba ni jembamba, mwanga unalipenya. Ukiwa chini yake unatazama mwanga uliokwisha kupita ndani ya jani, ndiyo maana limeiva kwa kijani cha manjano. Kwa penseli liache jepesi, karibu na weupe wa karatasi, upake kidogo tu. Kisha tafuta vitu vitatu ambavyo mwanga hauvipenyi. Uti wa kati ni mnene, huo unakuwa mweusi, na ni mviringo, kwa hivyo ule utepe wa mwanga wa kurudi nao unao. Pale tamvua mbili zinapopandana, weusi unaongezeka maana mwanga umevuka ngozi mbili. Na jani la juu likiangusha kivuli chake juu ya jani hilo, wewe wa chini unakiona kivuli hicho kimejichora ndani ya jani, na umbo lake lote, hata mpasuko wake. Hicho ndicho kinachomfanya mtu aamini kuna jani jingine juu ambalo hukulichora. Mimi hicho kitu kwenye mbao sikiwezi, mbao hazipenywi. Nawaonea wivu watu wa karatasi kwa hilo.

Tamvua kila moja imeinama kwa pembe yake. Moja imegeukia mwanga, inayofuata imejipindua. Zipake kwa zamu, nyepesi, nzito, nyepesi, bila kuzihesabu, na jani litapeperuka.

Kuhusu vivuli kuhama. Jua huenda nyuzi 15 kwa saa, huwezi kulifukuza. Ukilitaka hilo jua la asubuhi, kaa, na kabla ya lolote zungushia kingo za vivuli vyote kwa mstari hafifu, kwa dakika chache tu. Baada ya hapo hata vikihama vipi wewe fuata ulivyoviandika, usivirekebishe. Lakini kwa daftari zima nakushauri dirisha ambalo jua lenyewe haliingii, mwanga wa mbingu tu. Huo hukaa mahali pamoja kwa muda mrefu.

MwalimuSanaaMalindi

Vitabu vya Ulaya vinasema dirisha la kaskazini. Nimewafundisha watoto hivyo hivyo, na sasa nawaza kama inafaa huku kwetu.

FundiMfaa (Lamu)

Kwao jua halifiki kaskazini mchana, ndiyo maana. Kwetu linabadilika. Toka mwisho wa Machi mpaka Septemba jua la mchana liko upande wa kaskazini, kwa hivyo dirisha la kaskazini linaingiza jua. Toka Oktoba mpaka mwanzo wa Machi liko kusini. Mimi benchi langu la kazi nalihamisha kwa pepo: msimu wa kusi, upepo wa kusini, dirisha la kusi, yaani la kusini; msimu wa kaskazi, upepo wa kaskazini, dirisha la kaskazini. Hakuna haja ya kalenda.

Ubaya wake ni kwamba upepo nao unaingia kwa dirisha hilo hilo. Mbao hazijali, lakini mrehani wako utacheza kutwa nzima. Funga ubao wa chini wa dirisha, uache wa juu wazi. Mwanga utashuka kutoka juu, jambo ambalo ndilo tunalolitaka, na upepo utapita juu ya mmea. Karatasi ibane pembe zote nne, na usiifute kivuli kwa kidole. Kidole cha mtu wa hina kina mafuta ya mkaratusi, na karatasi ikishanywa mafuta haipokei penseli tena.

BintiLangoni (Lamu)

Sasa ndiyo nimejua kwa nini ukurasa wa mrehani ulikuwa na mabaka. Fundi, dirisha langu la kusi linatazama ukuta wa jirani, uko karibu kiasi cha mkono kufika, na ameupaka rangi ya waridi.

FundiMfaa (Lamu)

Kwa penseli haidhuru, waridi ni kijivu tu. Siku utakapoanza rangi, nenda kachorie kwa jirani.